Sura haikuonekana, lakini beseni lilionekana

Shangazi, salaam nyingi.

Mimi ni intani katika hospitali moja kubwa huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Nilimaliza miaka mitano ya udaktari, na sasa niko katikati ya mwaka wa mafunzo kazini. Nimepita wodi ya watoto na ya upasuaji, sasa niko wodi ya wazazi. Nyumbani tunaongea Kinubi na Kiswahili, kwa hiyo wagonjwa wanaovuka kutoka upande wa Kongo, wale wa Ariwara na vijiji vya mpakani, mara nyingi naitwa mimi kuwasikiliza.

Shida yangu inamhusu rafiki yangu. Tumesoma pamoja, tumepanga nyumba moja, na nilipofiwa na baba nikiwa mwaka wa nne ndiye aliyenisimamia mpaka nikarudi darasani. Ana wafuasi wengi TikTok. Watu wanampenda kwa sababu ni mchangamfu na anaeleza maisha ya daktari kijana bila majivuno. Sijawahi kumwona akimdharau mgonjwa.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa zamu ya usiku leba. Umeme ulikatika mara mbili, mkunga alikuwa mmoja, na mama mmoja akajifungua mapacha, wa pili akiwa ametanguliza makalio. Wote wawili walilia. Alfajiri rafiki yangu akajirekodi akicheza pale koridoni, mlango wa wodi ukiwa wazi nyuma yake. Hakuna sura ya mgonjwa iliyoonekana. Juu ya video akaandika: "Mama wa ARV, mapacha salama, Mungu ni mkubwa." Nia yake ilikuwa njema kabisa, Shangazi. Alifurahi kwamba yule mama alimeza dawa zake za virusi vya Ukimwi mimba nzima bila kuruka.

Lakini nyuma yake, chini ya kitanda cha kwanza, beseni la mama lilionekana. Unajua kina mama wanavyokuja na mabeseni yao, na mabeseni yanavyopotea wodini. Hilo lilikuwa la njano, na ubavuni limeandikwa kwa rangi ya kucha nyekundu, herufi kubwa, jina la mama mkwe aliyemwazima.

Siku ya tatu, mama akiwa ameshatoka, wifi yake alikuja wodini na simu mkononi. Akaniuliza: "Daktari, hili beseni ni letu. Hayo maneno ya juu yanamhusu nani?" Nilimjibu kwamba habari za wagonjwa hatuzizungumzi na mtu mwingine. Akaondoka amekunja uso.

Rafiki yangu aliifuta video jioni ileile. Ila intani mmoja alikuwa ameshaihifadhi na kuitupa kwenye kundi letu la WhatsApp, kundi lenye watu wengi, wengine wameshahamia hospitali nyingine. Wakubwa hawajajua. Rafiki yangu ameniapisha ninyamaze mpaka kitabu chake cha mafunzo kisainiwe.

Juu ya hayo, wiki hii uongozi umebandika tangazo kwamba hakuna intani anayeruhusiwa kuweka chochote cha afya mtandaoni. Halikuja kwa sababu ya video hiyo. Lilikuja baada ya mtu wa idara nyingine kurusha kwenye mtandao wa X picha ya maboksi matupu ya glavu. Mimi nina akaunti yangu ya Kiswahili, naeleza homa, malaria, chanjo na uzazi, na watu wa Arua, Koboko hadi ng'ambo ya mpaka wananisikiliza. Sijawahi kumrekodi mgonjwa.

Nimtaje rafiki yangu au nimfiche? Nifunge akaunti yangu? Na kusema kwamba hatuna glavu, nako ni kukosa maadili?

Intani, West Nile

*

Binti yangu,

Umeniuliza maswali matatu na yote nitayajibu. Lakini kuna la nne ambalo halimo kwenye barua yako, nami naanza nalo: huyo mama yuko katika hali gani leo, na ni nani amezungumza naye?

Maana mpaka unaponiandikia, waliolijadili jambo hili ni wewe, rafiki yako, wifi, na kundi zima la WhatsApp. Mwenye siri ndiye pekee ambaye huenda hajui kwamba siri yake imetoka. Yuko nyumbani kwa mama mkwe na watoto wawili wachanga. Ana chupa ya nevirapini ya maji, dawa ya kuwakinga watoto na virusi, ambayo lazima wapewe kila siku. Ana vidonge vyake mwenyewe, ambavyo pengine anaviweka mahali ambapo hakuna anayepagusa. Na ndani ya boma hilohilo yumo mtu mwenye simu na swali ambalo hukulijibu. Ulifanya sawa kutolijibu, hilo nakupongeza. Lakini usidhani wifi aliondoka bila jibu. Watu husoma hata kunyamaza kwa daktari.

Wewe ni daktari, unayajua haya, lakini wasomaji wengine nao wayajue. Tangu 2012 Uganda inampa kila mama mjamzito au anayenyonyesha mwenye virusi vya Ukimwi dawa za kumeza maisha yake yote, bila kungoja kinga yake ishuke. Mpango huo umewakinga watoto wengi sana wasizaliwe na virusi wala kuvipata kwenye ziwa. Ila unafanya kazi pale tu mama anapomeza kila siku, na mama humeza kila siku pale anapoamini kwamba aliyoyasema kwa mkunga yamebaki kwa mkunga. Mtishe mama huyu, atavitupa vidonge shimoni kabla mumewe hajaviona. Ataacha kuwapa watoto ile dawa ya maji kwa sababu chupa inaonekana. Ataruka tarehe ya kliniki. Virusi vitapanda huku ananyonyesha, na watoto wale mliowaokoa usiku kucha, umeme ukikatika, wataambukizwa nyumbani. Hapo tumeshatoka kwenye mambo ya adabu za mitandaoni. Tunazungumza matibabu yaliyovurugwa.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya raundi, nenda kwa msimamizi wa kliniki inayowahudumia kina mama wenye virusi, au kwa mshauri nasaha wake, umweleze. Mueleze kwamba habari za mama huyu zimetoka, zimetoka kwa njia gani, na wifi amekuja kuuliza. Wewe usiende kwa mama. Daktari akishuka bodaboda mbele ya boma la watu, majirani nao wataanza kuuliza. Kina mama wengi huwa wameshasema kliniki wapigiwe namba gani, saa ngapi, na nani akipokea simu ikatwe. Mshauri afuate njia ambayo mama mwenyewe aliichagua. Hospitali nyingi zina kina mama wanaoishi na virusi wenyewe, wanaowasindikiza wenzao kliniki. Mmoja wao akimfikia, itakuwa vizuri kuliko koti jeupe lolote.

Mama aambiwe ukweli wote: nini kiliandikwa, kilikaa muda gani, nani ameuliza. Asifichwe eti asije akaogopa. Anayo haki ya kujua na anayo haki ya kushtaki. Aulizwe kama mume anajua, na kama hajui, asaidiwe kuamua mwenyewe atamwambia lini na mbele ya nani. Aulizwe pia kama anaogopa kupigwa au kufukuzwa, na kama anaogopa, pawe na mahali pa kwenda kabla hajarudi nyumbani na maneno hayo. Sheria yetu ya 2014 ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi inafanya kutoa siri ya namna hii kuwa kosa. Hata pale inapompa daktari nafasi ya kumweleza mwenza aliye hatarini, imempa nafasi hiyo ndani ya utaratibu wa tiba. Haikumpa TikTok.

Sasa nije kwa rafiki yako na kanuni iliyomponza.

Alijilinda kwa kanuni ambayo vijana wengi mmefundishana wenyewe kwa wenyewe: sura isionekane, jina lisitajwe, basi uko salama. Natamani kanuni hiyo ifutwe kwenye vichwa vyenu. Mtu hatambuliwi kwa sura peke yake. Hutambuliwa kwa beseni, kwa kitenge alichotoka nacho nyumbani, kwa kovu, kwa namna anavyomwita mwanawe, kwa tarehe. Mapacha waliozaliwa usiku ule, wa pili akitanguliza makalio, walikuwa wa mama mmoja tu, na kijiji kizima kilijua nani alipakiwa kwenye gari kwenda kujifungua. Rafiki yako angeweza kuandika bila picha yoyote na bado mama angejulikana. Vivyo hivyo kwa yule anayeziba nyuso za watu waliokaa kwenye benchi kisha anaiacha siku ya kliniki ionekane. Kila mtu mjini anajua benchi lile ni la siku gani.

Watazamaji wa Kampala na Nairobi, hata wawe elfu kumi, hawana madhara kwa mama huyu. Hatari kwake ni watu wanne wanaolijua lile beseni. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, swali la kujiuliza ni hili: mgonjwa mwenyewe akiiona, atajua ni yeye? Wifi yake je? Kama jibu ni ndiyo, au huna uhakika, haiendi. Na habari ya mgonjwa mmoja, ya usiku mmoja, katika mji wenye hospitali kubwa moja, jibu lake karibu kila mara ni ndiyo.

Najua kuna watakaosema angeombwa ruhusa. Nimekuwa mkunga kabla ya kuandika safu hii, nami nakwambia mama aliye kwenye uchungu atakubali chochote. Atakubali kwa sababu wewe ndiye mwenye sindano na uzi, na anaogopa ukikasirika utamwacha. Hata alfajiri baada ya kujifungua, akiwa bado anasubiri uzi na chai, hana nafasi ya kukukatalia. Kama kuna kisa ambacho kweli kitawafundisha wengine, mgonjwa aombwe akiwa ameshapona na yuko kwake, kwa lugha yake, kwa maandishi, na aombwe na mtu ambaye si daktari aliyemtibu, ili akisema hapana asihisi amepoteza chochote. Na aonyeshwe kwanza itakavyoonekana. Wengi hawajui kwamba video ya TikTok mtu yeyote anaweza kuichukua na kuisambaza hata baada ya mwenyewe kuifuta.

Nchi hii inakumbuka mtu aliyeitangaza hali yake mbele ya watu wote. Mwaka 1989 Philly Lutaaya alisimama akasema ana Ukimwi, wakati ambapo watu mashuhuri hawakuthubutu, kisha akatumia miezi yake ya mwisho kwenda shuleni na makanisani kuwaambia vijana. Alisaidia sana. Lakini alisema kwa kinywa chake, siku aliyoichagua mwenyewe. Mama wa mapacha hakupewa nafasi hiyo. Huenda angetaka kusema siku moja, huenda asingetaka kamwe.

Tunawaambia wagonjwa kila siku kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Basi huyu hakuficha. Alikuja, akapimwa, akasema, akameza. Alitimiza upande wake.

Kuhusu kumtaja. Umeniambia amekuapisha, na naona kiapo hicho kinakukaba. Lakini aliyekuapisha na wewe uliyeapa hamkuwa na mamlaka juu ya jambo hilo. Siri ya kulindwa hapa ni ya mama, nayo haiwezi kulindwa kama hospitali haijui kwamba imevuja. Utaona mwenyewe: huwezi kumwendea mshauri kesho bila kueleza habari zimetoka wapi. Kumsaidia mama na kumficha rafiki haviendi pamoja.

Hata hivyo usimwendee nyuma ya mgongo wake. Leo jioni, mkiwa nyumbani, uso kwa uso na si kwa meseji, mwambie hivi: "Kesho asubuhi mama huyu lazima asaidiwe, na siwezi kumsaidia bila kusema ukweli. Nataka wewe uwe wa kwanza kusema kwa msimamizi wetu. Nitakwenda nawe. Usipokwenda, nitakwenda peke yangu, na sitasema uongo juu yako." Mpe usiku mmoja, usimpe wiki. Atalia, pengine atakwambia umemsaliti. Vumilia. Huyu ni rafiki aliyekusimamia msibani, na nawe sasa ndiyo zamu yako ya kumsimamia.

Sitakudanganya kwamba hakuna gharama. Intani bado yuko kwenye usajili wa muda wa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na usajili kamili unategemea mafunzo yake yakamilike na wasimamizi wake waridhike. Anaweza kuambiwa arudie wodi, au aitwe kujieleza. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inaziweka habari za afya kwenye kundi la habari zinazolindwa zaidi, na kuzitoa kinyume cha sheria kunaweza kumpeleka mtu gerezani hadi miaka 10. Yote hayo ni mazito. Lakini mtu aliyekwenda mwenyewe na kusema "nimefanya hivi, mama huyu asaidiwe" anatazamwa tofauti na aliyetafutwa mpaka akapatikana. Na video iko kwenye simu za watu wengi. Kudhani itanyamaza mpaka kitabu kisainiwe ni kujidanganya.

Aombe radhi pia, lakini si kwa kumpigia mama simu kwa haraka ili yeye apumue. Amwachie mshauri amuulize mama kama anataka kumwona. Akikataa, ndiyo basi.

Huyo aliyeihifadhi na kuitupa kundini simwachi. Rafiki yako alirekodi kwa furaha na hakufikiri. Huyu alichukua video isiyo yake, akaisambaza. Msimamizi wa kundi aifute kwa wote na aandike wazi kila mtu aiondoe kwenye simu yake, maana WhatsApp kwa kawaida huingiza picha na video zenyewe kwenye galari, na kutoka hapo zinanakiliwa kwenye hifadhi ya mtandaoni bila mwenye simu kujua. Mdogo wako akiazima simu kutazama mpira anakutana na wodi yako. Zimeni huo uhifadhi wa wenyewe leo, nyote. Wewe nawe usibaki na nakala ati ni ushahidi. Andika ulichokiona, siku na saa, inatosha.

Simaanishi mwache kutumia WhatsApp kazini. Saa nane za usiku, daktari bingwa yuko kwake na wewe una eksirei usiyoielewa, picha moja inaweza kuokoa mguu. Itume kwa huyo mmoja, si kwa kundi. Mwombe mgonjwa au anayemuuguza. Angalia ile kona ya filamu yenye jina na namba, uifunike kwa kidole kabla ya kupiga. Jibu ulilopewa liandike kwenye faili, kisha mfute wote wawili.

Kuhusu glavu, hapana, kusema hakuna glavu si kukosa maadili. Mwaka 2023 Jimmy Spire Ssentongo, mchora katuni na mhadhiri, aliwaita watu waonyeshe mashimo ya barabara za Kampala mtandaoni, baadaye yakafuata maonyesho ya hali ya hospitali, na wananchi walikuwa na mengi ya kuonyesha. Daktari naye ni mwananchi, na mama anayeambiwa akanunue glavu nje usiku ana haki ya kusemewa. Ila anza pale ambapo maneno yako yana nguvu na kinga. Yaandikwe kwenye kitabu cha wodi kila zamu: zimeisha lini, ziliagizwa lini. Mwandikieni mkurugenzi kwa pamoja kama intani, si mmoja mmoja, na nakala iende chama cha madaktari. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa ya 2010 inamkinga anayepeleka habari kwa ofisi zilizotajwa humo, kama ya Inspekta Mkuu wa Serikali au Tume ya Haki za Binadamu. Anayeirusha X moja kwa moja asitegemee kinga hiyo. Na mtu akiamua kupiga picha, apige rafu tupu. Kitanda chenye mtu juu yake kisionekane, hata miguu tu.

Akaunti yako usiifunge. Isimamishe kwa sasa, kwa sababu tangazo lipo na wewe bado unahitaji saini, kisha uombe ruhusa kwa maandishi. Naona uongozi umekosea kupiga marufuku kila kitu. Umeshindwa kutofautisha picha ya glavu, siri ya mgonjwa na somo la malaria, ukafunga milango yote mitatu kwa kufuli moja. Lakini wewe utawasaidia kutofautisha. Peleka orodha ya mada zako na video chache ulizokwishaweka, uwaambie: sirekodi ndani ya uzio wa hospitali, sivai koti lenye nembo yake, sisimulii "leo nimeona mgonjwa", na niko tayari bingwa wa idara azipitie. Wakubwa wengi huogopa wasichokiona. Wakionyeshwa, hulegea.

Nasisitiza urudi kwa sababu uwanja huo hauachwi wazi. Ebola ilipotangazwa Septemba 2022 kuanzia Mubende, uvumi ulikimbia kila mahali kwamba ugonjwa haupo, kwamba ni uchawi, na watu wakawaficha wagonjwa wao. Mpaka ilipotangazwa kuisha Januari 2023, waliothibitishwa kufa walikuwa 55, na wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwao. Mtu wa Koboko au wa Ariwara anayesikia Kiswahili chako kuliko Kiingereza cha tangazo la wizara anakuhitaji siku kama hiyo, na atakusikiliza tu kama ameshakuzoea siku za kawaida.

Wakikuuliza dalili zao kwenye inboksi, waelekeze kituo cha afya kilicho karibu, usiwaandikie dawa. Wauza dawa za vidonda vya tumbo watakuletea pesa uwasifie. Kataa, maana matangazo ya dawa yako chini ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa na koti lako haliuzwi.

Ukipewa ruhusa, anza na chanjo ya malaria. Ilianza kutolewa nchini Aprili 2025, na bado wapo wazazi wanaodhani ni dozi moja. Waambie ni nne: miezi 6, 7, 8 na 18. Hiyo ya 18 irudie mara mbili, maana kati ya mwezi wa 8 na wa 18 mtoto ameshaanza kutembea, na ni rahisi mama kusahau kwamba imebaki moja.

Shangazi